Maji Yaliyo Nyuma ya Ukuta: Namna ya Kujenga Orofa ya Chini ya Ardhi Isiyovuja

Uliza jinsi ya kuzuia maji yasiingie kwenye orofa ya chini ya ardhi, na mara nyingi utajibiwa kwa jina la dawa: ya kuchanganya na saruji, ya kupaka kwa brashi, ya kubandika kwa moto. Dawa hizo si uongo, na nyingi hufanya kazi yake vizuri. Ila zinajibu swali la tatu au la nne. Swali la kwanza ni hili: maji yatakayofika nyuma ya ukuta yataondokea wapi? Jengo lililojibu swali hilo linaweza kustahimili makosa kadhaa ya mafundi. Jengo ambalo halikulijibu litavuja hata likipakwa dawa ghali kuliko zote, kwa sababu maji hayachoki na wala hayana haraka.

Mkanganyiko unaanza pale kuta mbili tofauti zinapotiwa kapu moja. Ukuta wa kuzuia udongo, ule unaosimama nje ili ardhi ya juu isiporomokee ya chini, hauna chumba mbele yake. Maji yakiupenya hakuna hasara. Hasara huja yakikosa pa kupenya. Ukuta wa orofa ya chini ya ardhi nao unashikilia udongo vilevile, lakini upande wake wa pili kuna watu, magari au mitambo ya umeme. Kwa hiyo wa kwanza tunautoboa matundu kwa makusudi, na wa pili tunauziba hata tundu la msumari. Mchoro mmoja ukitumika kwa kuta zote mbili, lazima mmoja wao umekosewa.

Tani ambazo hazionekani

Udongo mkavu husukuma ukuta kwa nguvu ndogo kuliko unavyoweza kudhani, kwa kuwa chembe zake zinasuguana na kushikana, na sehemu kubwa ya uzito inabebwa na udongo wenyewe. Maji hayana msuguano huo. Kila mita moja ya kina huongeza shinikizo la karibu kilopaskali 10, yaani tani moja kwa kila mita ya mraba, na shinikizo hilo husukuma pande zote kwa nguvu ileile: pembeni, chini, na hata kwenda juu.

Chukua ukuta wenye kimo cha mita 3. Nyuma yake pana udongo wa kichanga uliokauka, wenye uzito wa kilonewtoni 18, yaani karibu tani 1.8, kwa mita ya ujazo. Kwa hesabu za kawaida za uhandisi, kila mita ya urefu wa ukuta huo inasukumwa kwa takriban tani 2.7. Sasa mvua inyeshe, maji yajae nyuma yake hadi juu, yasipate pa kutokea. Udongo, ukiwa umepunguziwa uzito na maji yanayoubeba, utasukuma kwa kama tani 1.5 tu. Maji peke yake yataongeza tani 4.5. Jumla ni tani 6, zaidi ya maradufu ya mwanzo, na ukuta ni uleule, nondo ni zilezile. Ndiyo maana ukuta uliosimama miaka mingi bila wasiwasi unaweza kuinama baada ya mvua ya siku chache. Watu husema udongo umeuangusha. Kwa kawaida aliyeuangusha ni maji.

Bakuli lililochimbwa kwa gharama ya mwenye nyumba

Ripoti ya uchunguzi wa udongo ikisema kwamba maji ya ardhini yako mita 12 chini, mwenye jengo hushusha pumzi. Haraka hiyo ndiyo chanzo cha orofa nyingi kulowa. Kwanza, kina hicho kilipimwa lini? Kisima cha majaribio kilichochungulia maji wiki moja ya kiangazi hakisemi lolote kuhusu masika. Bomba la kupimia linapaswa kuachwa ardhini na kusomwa mara kwa mara hadi msimu wa mvua upite.

Pili, na hili ndilo husahaulika zaidi, si lazima maji ya ardhini yapande ili ukuta ulowe. Tuseme shimo limechimbwa kwenye udongo wa mfinyanzi, ambao karibu haupitishi maji. Orofa ikishasimama, nafasi iliyobaki kati ya ukuta na kingo za shimo hujazwa kifusi, na kifusi kwa kawaida ni legevu kuliko ardhi ambayo haijachimbwa. Maji ya mvua, ya paa, ya bustani, na ya bomba lililopasuka kimyakimya hushuka kwenye kifusi hicho na kukuta chini kumezibwa. Mwenye nyumba amechimba bakuli na kuweka nyumba yake ndani. Hapo kisima cha majaribio kilikuwa kikavu kweli, na bado ukuta una mita 2 za maji mgongoni.

Kwa hiyo ni busara kusanifu kila orofa ya chini ya ardhi kana kwamba siku moja maji yatafika na kusimama nyuma ya ukuta. Hapa pia kuna tofauti kati ya mambo mawili ambayo huuzwa kama kitu kimoja. Kuzuia unyevu ni kuzuia maji yanayopanda polepole kwenye vinyweleo vya tofali au zege, bila shinikizo. Tabaka jembamba la lami hutosha. Kuzuia maji ni kuhimili maji yanayosukuma. Rangi nyeusi ya lami inayopakwa ukutani saa chache kabla ya kufukia ni kinga ya unyevu tu, na haikuwahi kukusudiwa kwa maji yaliyosimama.

Kuyapa maji njia

Kwa ukuta wa kuzuia udongo, habari yote iko hapa. Nyuma yake panawekwa tabaka la kokoto safi, kama sentimita 30 unene, kutoka chini hadi karibu na juu. Kati ya kokoto na udongo panapita kitambaa cha kuchujia, kile kinachopitisha maji na kuzuia chembe. Chini kabisa kuna bomba lenye matundu, lililolazwa kwa mteremko kuelekea mahali pa wazi. Ukutani huachwa matundu ya kutolea maji yenye kipenyo cha milimita 75 hivi, kila baada ya mita moja na nusu au mbili. Ukuta wa mawe yaliyofungwa ndani ya vizimba vya waya hauhitaji matundu hayo, maana wote ni tundu. Kitambaa nyuma yake bado unakihitaji.

Kitambaa ndicho kinachokatwa kwanza bajeti ikibana, na madhara yake huchelewa kuonekana. Bila kichujio, maji hubeba udongo laini. Ama udongo huo unaziba kokoto na mfumo wote unakufa, ama unatoka na maji kupitia matundu, na ardhi ya nyuma inaanza kubonyea. Ukiona maji yenye rangi ya tope yakitoka ukutani mwaka baada ya mwaka, ardhi inahama kidogo kidogo.

Kwa orofa, mfumo ni huohuo, isipokuwa matundu ya ukutani hayapo na bomba linalozunguka msingi linabeba kazi yote. Kosa linalorudiwa ni la kimo. Bomba hulazwa juu ya kitako cha msingi kwa sababu ni rahisi kulipanga pale, halafu jamvi la ndani, yaani sakafu ya zege ya chini kabisa, linamwagwa chini kuliko bomba. Maji hayatapanda kuifuata njia uliyoyatengenezea. Yatajaa hadi yafike kwenye bomba, na wakati huo yameshalipita jamvi. Bomba lote likae chini ya jamvi, na kwenye kona ziachwe nafasi za kuingiza mpira wa maji na kulisafisha. Bomba lisilosafishika lina umri wake, na ukiisha hakuna atakayejua.

Juu ya ardhi kazi ni nyepesi na faida yake ni kubwa mno ukilinganisha na gharama. Ardhi ishuke kuondoka kwenye jengo, angalau sentimita 5 kwa kila mita, kwa mita 2 au 3 za mwanzo. Sehemu ya juu ya kifusi ifunikwe kwa udongo wa mfinyanzi au sakafu ngumu. Mabomba ya paa yasimwage maji karibu na ukuta.

Kuna mahali ambapo njia ya maji haiwezekani: karibu na mto, ziwa au bahari, ambapo maji ya ardhini yako juu mwaka mzima. Hapo kuyaondoa ni kupiga pampu usiku na mchana maisha yote ya jengo, na kushusha maji hayo kunaweza kufanya udongo laini chini ya majengo ya jirani ujikandamize na kuyatia nyufa. Inabidi kuziba kikamilifu, na hapo ndipo zege na tando, yaani tabaka za kuzuia maji zinazobandikwa au kupakwa, zinapopata umuhimu wake.

Zege kama kizuizi

Kiwango cha Uingereza cha BS 8102, ambacho toleo lake jipya ni la mwaka 2022, kinagawa kinga za orofa za chini ya ardhi katika aina tatu. Aina A ni tabaka linalobandikwa au kupakwa ukutani. Aina B ni zege lenyewe likiwa ndilo kizuizi. Aina C inakubali kwamba maji kidogo yataingia, na inayakusanya ndani kabla hayajaufikia ukuta wa chumba. Pale ambapo madhara ya kuvuja ni makubwa, aina mbili huunganishwa. Nakubaliana na wazo hilo kwa moyo wote, kwa sababu kila aina hufeli kwa namna yake, na ni nadra mbili kufeli mahali pamoja.

Zege huzuia maji si kwa sababu ya unene wake, bali kwa kuwa vinyweleo vyake vimekatika. Saruji ikishachukua maji inayoyahitaji, yanayobaki huacha vijia vyembamba ndani ya zege. Tafiti za zamani za rojo ya saruji zilionyesha jambo la kuzingatiwa sana: uwiano wa maji kwa saruji ukiwa 0.45, vijia hivyo hukatika baada ya siku 7 za kutunzwa na unyevu, ukiwa 0.60, inachukua miezi 6, ukizidi 0.70, havikatiki kamwe, hata ungelimwagilia zege milele. Kwa mfuko wa kilo 50, tofauti kati ya 0.45 na 0.70 ni lita 22.5 dhidi ya lita 35. Ndoo moja tu ya maji, inayoongezwa na mtu anayetaka zege liteleze vizuri kwenye toroli. Kama zege ni gumu kumwagika, dawa ya kulilainisha ipo, maji yasiongezwe. Na mchanga uliolala nje usiku wa mvua una maji yake tayari, yahesabiwe.

Nyufa ni jambo jingine. Zege linapokauka hunywea, na likizuiliwa kunywea hupasuka. Mhandisi hazuii nyufa zote. Anazigawa ziwe nyingi na nyembamba badala ya chache na pana, kwa kutumia nondo nyembamba zilizokaribiana. Ufa usiozidi milimita 0.2 mara nyingi hujifunga wenyewe, maana saruji ambayo haijapata maji inaendelea kushika na chokaa inaganda ndani yake. Dawa zinazochanganywa kwenye zege ili kuotesha fuwele, yaani chembe ngumu, ndani yake huendeleza hulka hiyo. Hazizibi zege lenye masega, yaani lile lililobaki na mapango kwa sababu mashine ya kutikisa haikufika. Hakuna dawa ya zege lisilotikiswa.

Viungo, viungo, viungo

Kama ningepewa saa moja tu ya kukagua orofa inayojengwa, ningeipoteza yote kwenye viungo. Katikati ya ukuta ni nadra kuvuja. Maji huingia pale ambapo zege la leo linakutana na la wiki iliyopita, hasa kona ya jamvi na ukuta, ambapo shinikizo ni kubwa kuliko mahali pengine popote ukutani na ambapo vumbi, vipande vya mbao na nyaya za kufungia hujikusanya.

Kinga ya kiungo ni mkanda. Uko mkanda mpana wa plastiki unaozamishwa nusu kwenye zege la kwanza na nusu kwenye la pili, na uko mwembamba unaovimba ukiguswa na maji. Wa plastiki hushindwa kwa njia mbili: unalala kwa sababu haukufungwa kwenye nondo, na zege linaufunika ukiwa umekunjamana, au vipande vyake vinawekwa kimoja juu ya kingine bila kuchomelewa, na maji yanapita katikati kwa raha. Unaovimba una tatizo la kinyume. Ukinyeshewa kabla ya zege kumwagwa, unavimba bure, na siku ya kazi hauna nguvu iliyobaki. Tena usikae karibu na uso wa zege, kwani unapovimba unaweza kulipasua. Watengenezaji hutaja kina cha chini kinachotakiwa, na wanamaanisha.

Halafu kuna mabomba yanayopenya ukuta. Kila bomba linalopitishwa baada ya zege kukauka, kwa nyundo na patasi, ni mlango. Yapangwe mapema, yakusanywe mahali pamoja juu iwezekanavyo, na kila moja lipite ndani ya kivungu, yaani kipande cha bomba pana zaidi, chenye ukingo kilichowekwa kabla ya kumwaga. Usisahau vyuma vilivyoshikilia mbao za kalibu, zile zinazolipa zege umbo likiwa bichi: vikichomolewa huacha vijitundu vinavyotoboa ukuta mzima, na kuvijaza plasta ya kawaida ni kuviziba macho tu.

Utando, na siku ya kufukia

Utando ukikaa nje, upande wa maji, shinikizo linaukandamiza ukutani na kuusaidia. Ukikaa ndani, shinikizo linaubandua. Ndiyo maana karatasi za lami na dawa za mpira zinazopakwa zikiwa majimaji huwekwa nje, na kwa ndani hutumika zile za saruji au fuwele zinazoshikana na zege lenyewe.

Katika jengo jipya nje ndiko pa kushughulikia, kwa sababu fursa hiyo haitarudi bila kuchimbua. Uso wa ukuta uwe mkavu na laini, kona ya msingi na ukuta ijazwe mota yenye mviringo ili utando usikunjwe kwa pembe kali, na utando wa ukutani uungane na ule ulio chini ya jamvi. Hapo mwisho ndipo kazi mbili za mafundi wawili hukutana: wa jamvi alimaliza miezi mitatu iliyopita, ncha aliyoiacha imekanyagwa na kutobolewa, na wa ukuta anabandika juu yake hivyohivyo. Pale ambapo shimo limebanwa na mpaka wa kiwanja na hakuna nafasi ya kufikia mgongo wa ukuta, utando hutangulizwa: unatandazwa kwenye kingo za shimo kisha zege linamwagwa na kushikana nao. Mfinyanzi wa bentonaiti pia hutumika hivyo, ila ni lazima ubanwe pande zote ili ukivimba uzibe, na kwenye maji ya chumvi nguvu zake hupungua.

Kisha inakuja siku ya kufukia, na kazi ya wiki tatu inaharibiwa kwa alasiri moja. Mawe, vipande vya tofali na mabaki ya nondo vinamwagwa na tingatinga moja kwa moja juu ya utando. Ubao wa kinga au karatasi yenye vinundu hugharimu kidogo sana ukilinganisha na kuchimbua tena. Kifusi kiende kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, kikishindiliwa kwa mashine nyepesi karibu na ukuta. Na ukuta ambao ulisanifiwa kushikwa juu na sakafu ya orofa inayofuata usifukiwe kabla ya sakafu hiyo kukomaa, labda uwe umeegemezwa.

Kuna hatari nyingine ya kipindi hiki. Jamvi la unene wa sentimita 40 lina uzito wa karibu tani moja kwa mita ya mraba. Maji ya kina cha mita 2.5 yanalisukuma juu kwa tani 2.5. Jengo lililokamilika lina uzito wa kutosha. Lililofika usawa wa ardhi tu huenda halina, na likiachwa bila pampu ya kushusha maji ya ardhini huweza kupasuka jamvi au kuelea zima. Uamuzi wa kuzima pampu ni wa mhandisi mwenye hesabu mkononi, si wa msimamizi anayebana gharama ya dizeli.

Likishavuja

Kabla ya kulaumu ukuta, hakikisha ni maji ya nje. Gundisha kipande cha nailoni ukutani, kingo zote zizibwe kwa utepe, kisha subiri siku moja au mbili. Matone yakitokea upande wa chumba, ni mvuke wa hewa ya ndani unaoganda kwenye ukuta wa baridi, na tiba yake ni hewa. Yakitokea nyuma ya nailoni, unyevu unatoka ukutani. Unga mweupe unaoota kwenye plasta nao ni chumvi iliyobebwa na maji yaliyopita kwenye zege.

Ufa unaovuja hutobolewa pembeni na kudungwa dawa kwa shinikizo: ya povu linalovimba likikutana na maji kama bado unatiririka, au ya epoksi kama umekauka na nguvu ya ukuta inahitaji kurudishwa. Ugumu uko katika kulijua tundu. Utando uliolala nyuma ya ukuta bila kushikana nao huruhusu maji yaliyopenya sehemu moja kutembea nyuma yake mita kadhaa, hadi yakute kiungo dhaifu. Ukidunga mahali panapodondoka, wiki mbili baadaye panadondoka pengine. Utando ulioshikana na zege kila sehemu hauyapi maji nafasi hiyo: tundu liko hapohapo unapoona tone. Mimi, kwa sababu hiyo pekee, ningelipia tofauti ya bei.